Nyoka Hana Maringo, Ana Woga: Mwacheni Chatu wa Watu Apumue

Kuna mwanadada mmoja wa Kibongo anayeishi Texas, Marekani, mwenye wafuasi wa kutosha tu, amehamia kwenye mjengo mpya. Hongera zake. Tatizo ni alichokifanya usiku uleule. Makochi hayajapangwa, tayari yuko laivu, muziki juu, wageni kibao, na chatu wake anapitishwa mkono kwa mkono kama sahani ya sambusa. Nyoka akamng'ata mgeni mmoja. Kesho yake kapewa panya, kagoma kula. Wiki haijaisha, bidada kaposti kwamba nyoka "ana maringo siku hizi" na anatafutiwa mtu wa kumchukua.

Mashabiki wakamwaga vicheko. Kinachochekesha hapo ni nini?

Chatu huyo ni wale wadogo wenye asili ya Afrika Magharibi na Kati, ambao Ghana, Togo na Benin zimewauza nje kwa miaka mingi. Akiogopa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Ni mpole kiasi hicho. Ukiona mpaka kang'ata, ujue alishaomba aachwe na hakuna aliyemsikiliza.

Wewe ukihama unaona jiko jipya na balkoni. Yeye anaijua dunia kwa ulimi, anaonja harufu hewani. Ghafla kila harufu ni ngeni: rangi ya ukutani, zulia, manukato ya wageni. Na spika ikipiga, mtikisiko anausikia mwili mzima. Halafu mnamvalisha shingoni mpate picha!

Kumtuliza wala hakuhitaji hela nyingi. Usimhamishe akiwa ametoka kula, anaweza kutapika. Msafirishe kwenye foronya iliyofungwa vizuri, ndani ya boksi lenye matundu. Mkifika, tangi lake liwe la kwanza kupangwa, kabla ya TV: upande mmoja joto la nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 25 hadi 27, kila upande na pango lake la kujificha, na maji safi. Mrudishie vitu vyake vya zamani, akute harufu yake mwenyewe. Funika kioo kwa shuka.

Baada ya hapo, mwache. Siku 7 bila kumshika. Badilisha maji, toa uchafu, ondoka. Wiki ikiisha ndiyo umpe chakula. Akikataa, toa panya na usubiri wiki nyingine. Chatu mkubwa mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asife. Akianza kukonda au kupumua mdomo wazi, hapo mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua nyoka. Akila, mpe saa 48 kabla ya kumgusa.

Siku 7 tu. Mtu anayeweza kusubiri kucha zikauke ameshindwa hiyo?

Watetezi wake wanasema nyoka ni wake, hela ni yake, na nyoka hana mapenzi na mtu. Sawa, chatu hatakulilia ukisafiri. Lakini kutokupenda ni kitu kimoja, na kutokuogopa ni kitu kingine. Huhitaji kupendwa na kiumbe ndipo umhurumie.

Na hilo la kumgawa ndiyo baya kuliko yote. Nyoka amechanganyikiwa kwa sababu ya kuhama, dawa yake inakuwaje kumhamisha tena? Ataingia nyumba ya pili ndani ya mwezi mmoja, tumbo tupu, mikono mipya, harufu mpya. Huko nako akigoma kula ataitwa na maringo, agawiwe tena. Chatu hawa wakitunzwa huishi miaka 20 hadi 30. Kiki ya usiku mmoja haifiki hata Jumatatu.

Na wewe wa Bongo au Nairobi unayemezea mate picha zile, tulia. Huku kufuga chatu bila kibali ni kesi.

Bidada, zima kamera, funika kioo, punguza muziki. Ndani ya wiki moja huenda ukagundua maringo yalikuwa upande gani.

Wadau, mnasemaje? Nani alikosea, aliyeng'ata au aliyemlazimisha?