"Si kansa" haitoshi, mama apewe karatasi yake

Waganga wetu, tuache kumrudisha mama nyumbani kwa maneno mawili: "Si kansa." Ni kweli, vivimbe vingi vya ziwa havina hatari, na fibroadenoma ya kawaida haipaswi kumnyima msichana usingizi. Lakini kuna hali moja, chembe zimeongezeka na kubadilika umbo bila kuwa kansa bado, inayozidisha hatari ya kansa karibu mara 4. Mkono hauwezi kuitambua. Inahitajika sindano ya kutoa kipande cha nyama, kisha mikroskopi.

Mama huyo aambiwe wazi, apasuliwe ikihitajika, apimwe kila mwaka. Sasa mkimbizi wa vita atarudi wapi? Mwanzoni mwa 2025 kambi za kando ya Goma zilivunjwa, Bulengo kati yao, watu wakatawanyika hadi Masisi na Rutshuru. Faili haiwafuati. Kumwandikia jibu lake, kwa Kiswahili, kunagharimu nini? Na wanaosema eti atashtuka bure: huyu amevuka vita kwa miguu, mtoto mgongoni! Mashirika ya msaada yalipe kipimo hicho. Nawe mama, usitoke pale bila karatasi.