NASARI SI MALI YA WATOTO WA MATAJIRI



Katika mkutano wa tawi letu ndugu mmoja alisimama akasema kwamba neno la nasari lisitiwe katika madai ya chama. Alisema ati nasari hizi ambazo mtoto huachwa achague kazi yake mwenyewe ni mchezo wa watoto wa matajiri, na mtoto wa mfanyakazi apewe ubao, kalamu na kiboko kama tulivyopewa sisi. Watu wengi wakampigia makofi. Mimi sikupiga, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, shule hizo hazikuanzia kwa matajiri hata kidogo. Maria Montessori, mama daktari wa Italia, alifungua shule yake ya kwanza tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Rome. San Lorenzo ulikuwa mtaa wa vibarua. Baba na mama walitoka asubuhi kwenda kazini, na watoto wadogo wakabaki peke yao katika majengo, wakikimbia ngazini na kuchora kuta. Wenye majengo ndio waliotaka watoto wakusanywe katika chumba kimoja. Msidhani ilikuwa huruma tupu. Walikuwa wamepiga hesabu ya kutengeneza kuta zile kila mara, wakaona shule ni nafuu. (Kumbe tajiri hujenga shule upesi akiona rangi ya ukuta wake inamgharimu!)

Watoto walikuwa kama 50. Aliyewaangalia kila siku hakuwa mwalimu mwenye cheti, bali binti wa bawabu wa jengo. Montessori aliwapa vitu vya kushika kwa mikono: vipande vya mbao vya kutia katika matundu yake, vitambaa vya kujifunzia kufunga vifungo, na herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa ili mtoto azipapase kwa kidole. Viti vilikuwa vidogo, rafu zilikuwa chini. Mtoto alichagua kazi yake, na akimaliza alikirudisha kitu mahali pake. Haikupita miezi mingi watoto wa miaka 4 na 5 wakaanza kuandika, na wageni wakaja kutoka nchi za mbali kutazama. Hao ndugu walikuwa watoto wa vibarua, wala hawakuchapwa.

Mfano wa pili ni huko huko Italia. Vita vilipokwisha mwaka 1945, watu wa kijiji cha Villa Cella, karibu na mji wa Reggio Emilia, waliuza kifaru, malori machache na farasi walioachwa na Wajerumani. Husimuliwa kwamba wanaume walitaka fedha ile ijenge nyumba ya michezo ya kuigiza, na wanawake wakataka shule ya watoto. Wanawake walishinda. Wakaokota matofali katika nyumba zilizobomolewa na mabomu, wakachota mchanga mtoni, wakajenga usiku na Jumapili baada ya kazi. Mwalimu Loris Malaguzzi alipata habari, akapanda baiskeli kwenda kuwaona, na akakaa nao katika kazi hiyo maisha yake yote. Mwaka 1963 baraza la mji wa Reggio Emilia lilifungua nasari ya kwanza ya mji wenyewe. Mwaka 1991 gazeti la Newsweek la Marekani likaitaja nasari moja ya mji huo kuwa bora duniani. Tangu hapo matajiri wa dunia wanakwenda kujifunza kitu kilichojengwa na wakulima na vibarua.

Kisha wanarudi kutuuzia sisi! Tembea Nairobi uone vibao. Jina la Montessori limeandikwa juu ya malango ambayo mtu wa kufunga mabehewa hawezi kuyapita hata akifunga mkanda mwaka mzima. Tena kibao si ushahidi. Huko Marekani iliamuliwa mwaka 1967 kwamba jina hilo ni la wote, hakuna mwenye kulimiliki. Kwa hiyo usisome kibao, ingia ndani. Je, mtoto anafikia vitu mwenyewe? Anachagua? Anapanga vitu vyake? Au ameketi safu moja na wenzake arobaini, wote wakipiga kelele A, B, C kwa lugha wasiyoijua, na jioni anatumwa nyumbani na kurasa nne za kunakili akiwa na miaka 4?

Kuhusu kiboko sitasema mengi. Serikali ilikiondoa shuleni mwaka 2001. Lakini nawauliza mafundi wa karakana: kijana mgeni anafundishwaje kukaza nati? Tunamwimbisha neno "nati" mara mia? Hapana. Tunampa spana, tunasimama karibu, tunamwacha ajaribu na mkono wake ujue. Jambo tunalolijua sote karakanani twalisahau tukifika mlangoni kwa mwalimu wa mtoto.

Sasa ni nani alipe? Mwaka 2003 Serikali ilipofuta ada ya shule za msingi, nasari iliachwa nje, mzazi akaendelea kulipa. Katiba ya mwaka 2010 iliweka elimu ya nasari na vituo vya kulea watoto mikononi mwa kaunti. Basi tunajua mlango wa kubisha. Lakini tajiri wetu naye asijifiche nyuma ya kaunti. Mama anayeingia zamu ya usiku anamwacha mtoto kwa jirani kwa malipo, na jirani yule ana watoto kumi na wawili katika chumba kimoja. Tajiri anafaidika na zamu ile, na achangie chumba.

Na tusimsahau mwalimu wa nasari. Walimu wengi wa kaunti wamefanya kazi kwa mikataba mifupi na mshahara mdogo. Nasari njema haiwezi kusimama juu ya mgongo wa mama mwenye njaa. Huyo ni mfanyakazi mwenzetu, na chama kinachodai nasari bila kudai mshahara wake kitakuwa kama tajiri.

Hoja nitakayoleta katika mkutano ujao ni hii: kwamba chama kidai kwa tajiri chumba, maji na uwanja wenye kivuli karibu na nyumba zetu, kidai kwa kaunti walimu waliofunzwa na kuajiriwa kwa kudumu, na kamati ya wazazi, nusu yake wanawake, iwe na haki ya kuingia na kutazama siku yoyote. Viti na rafu tutatengeneza wenyewe. Mbao za masanduku zipo, na maseremala tunao.

Anayeunga mkono amwone katibu wa tawi kabla ya mkutano, na amwandikie hesabu ya watoto wake walio chini ya miaka 6 na saa za zamu yake.

Mwanachama, Karakana