UCHAMBUZI: Mbinu za kukabili barua taka zilifaulu zilipotolewa bure

MNAMO Januari 2004, mwasisi wa kampuni ya Microsoft, Bill Gates, aliwaahidi wajumbe wa kongamano la kiuchumi mjini Davos, Uswisi, kwamba kero ya barua taka ingemalizwa kwa miaka miwili. Muda huo ulipita, na masanduku ya baruapepe yakazidi kufurika matangazo ya dawa bandia na hadaa za urithi wa mamilioni.

Si kwamba fikra zilikosekana. Agosti 2002, mtaalamu wa programu Paul Graham alichapisha mtandaoni maelezo ya chujio linalopima maneno ya barua na kukadiria uwezekano wa kuwa taka. Wazo lenyewe halikuwa jipya kabisa, ila alilieleza waziwazi bila kudai malipo, na waundaji wengine wa programu wakalichukua na kuliboresha.

Yaliyojiri 2004 yalikuwa kinyume. Jopo la wataalamu wa viwango vya intaneti lilikuwa likibuni njia ya kuthibitisha kwamba tarakilishi inayotuma barua imeidhinishwa na mwenye anwani. Microsoft ilidai haki za uvumbuzi kuhusu mpango huo. Watetezi wa programu huria waliyakataa masharti ya leseni yake, na Septemba mwaka huo jopo likavunjwa. Matapeli hawakuhitaji kurusha hata jiwe.

Kilichodumu ni sahihi ya kidijitali iliyotokana na kazi ya kampuni za Yahoo na Cisco, ikafanywa kiwango kilicho wazi kwa wote mnamo 2007. Tangu Februari 2024, Google imewataka wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwa wateja wake wa Gmail waitumie.

Hapo ndipo suala hili linapomgusa Mkenya. Chama cha akiba na mikopo chenye maelfu ya wanachama, kisicho na fundi wa kuiweka sahihi hiyo, huenda taarifa zake halali zikakataliwa. Tapeli naye, akishasajili jina lake la tovuti kwa pesa kidogo, anaweza kuiweka bila taabu, kwa kuwa sahihi huonyesha barua ilikotoka tu, wala haipimi nia ya mtumaji. Maelezo ya kuiweka hayalipiwi, lakini yameandikwa kwa lugha ya mafundi, ambayo karani wa chama hicho hakufunzwa kuisoma.