Somo la Sanaa Liishe kwa Kipindi Kimoja

Maoni haya ni yangu mwenyewe, sikutumwa na mtu.

Mwaka jana nikiwa kidato cha pili tulianzishiwa kazi ya kubandika vipande vya karatasi za rangi ili tupate picha ya jogoo. Ilikuwa kazi ya majuma manne. Juma la pili nikatumwa nyumbani kuleta karo. Niliporudi wenzangu walikuwa wameshafika mkiani, na jogoo wangu ana kichwa na shingo tu. Nikaambiwa nitazame wenzangu. Basi nikatazama. Wakati wa kuchagua masomo ulipofika, sanaa sikuiandika.

Hii yetu ni shule ya kutwa. Huyu katumwa karo, yule kazuiwa na mto uliofurika, mwingine siku ya soko yuko na mamake. Kazi inayoendelea juma baada ya juma lazima iache watu nyuma. Ndiyo maana nawaomba walimu wetu wapange vipindi vya sanaa ambavyo kila kimoja kinajitosheleza: kianze na kiishe katika zile dakika 40, na kila mtu atoke na kitu mkononi.

Chukueni kanga. Kila nyumba inayo, na ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno. Mwanafunzi apewe karatasi moja na rangi mbili, achore kanga yake na kutunga jina lake. Hapo atajifunza kupanga nafasi na kuandika herufi zinazosomeka kwa mbali. (Mabango ya chama chetu yangefaidika sana! Lile la mwisho lilisomwa na aliyeliandika peke yake.) Na Kiswahili kimefundishwa humo humo.

Au kiazi. Kikate katikati, chora herufi, kisha chonga pembeni ili herufi ibaki imeinuka. Paka rangi, gonga kwenye karatasi. Ukichonga R kama ilivyo, itatoka imegeuka, na darasa zima litacheka. Lakini A, H, M, O na T hazijali. Kwa nini? Hilo swali peke yake ni somo, na aliyekosa kipindi cha kanga hajapotea. Visu tu ndivyo vihesabiwe vikigawiwa na vikikusanywa.

Najua wapo watakaosema eti hayo ni mambo ya chekechea. Tena kwa upande mmoja wana haki: anayefanya sanaa katika KCSE sharti azoee kukaa na kazi moja kwa muda mrefu. Huyo apewe kazi yake ndefu. Mimi nawasemea wale ambao hawajajua kama wanaiweza au hawaiwezi, na wanaachwa nje kabla ya kujua. Na wanaosema vifaa ni ghali, wacha waniambie kiazi kimoja ni pesa ngapi.

Mlezi wa chama akituruhusu, tunaweza kujaribu Ijumaa moja baada ya masomo, hata wasiosoma sanaa waje. Nimeshamwuliza mama. Amesema vile viazi vidogo visivyouzika nichukue tu.