Karavati halina mwenyewe

Barua ya wazi kwa Shirika la Barabara la Burundi (ARB), Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira (OBPE), Ofisi ya Mipango Miji, Makazi na Ujenzi (OBUHA), na viongozi wa mikoa ya Gitega na Buhumuza

Waheshimiwa,

Mtu anayetoka Gitega kwenda Ngozi kwa barabara ya RN15 hupita Mutaho. Akiwa amebanwa kwenye kiti cha nyuma cha Probox huona migomba, kahawa, vilima vinavyopandana na mashamba yaliyoshuka hadi bondeni. Asichokiona ni makaravati. Yako chini yake, kila penye kijito au korongo, na dereva huyapita bila hata kupunguza mwendo. Karavati huonekana siku moja tu, siku linapoziba. Maji yaliyonyimwa njia ya chini huchukua ya juu, hukata barabara, na Probox ile ile husimama upande mmoja ikitazamana na lori la ndizi lililokwama upande wa pili.

Waheshimiwa hawahitaji kufundishwa hayo. Wahandisi wao wanayajua kuliko mwandishi yeyote. Ila kuna hesabu moja ya shule ya msingi ambayo haichoshi kurudiwa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la bati la mita 60 za mraba, likinyeshewa milimita 50 alasiri moja, humwaga lita 3,000, yaani mapipa 15 ya lita 200. Nyumba 100 za namna hiyo zilizopangana kwenye mteremko ni mapipa 1,500 yanayogombea mtaro mmoja kwa wakati mmoja. Na mabati yanaongezeka. Gitega imekuwa makao makuu ya kisiasa tangu mwanzo wa 2019, na kila kiwanja kinachojengwa ni kipande cha ardhi kilichoacha kunywa mvua.

Maji nayo hayasafiri mikono mitupu. Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa Burundi hupoteza karibu tani milioni 38 za udongo kila mwaka. Udongo huo haupotei hewani. Sehemu yake hubaki kwenye mitaro ya barabarani, sehemu hujaa mdomoni mwa karavati, sehemu huinua sakafu ya mfereji mkuu bondeni mpaka maharage ya msimu wa kiangazi yanaoza kwa maji ya mvua iliyochelewa kuondoka. Unaobaki huingia Ruvubu. Mto huo huanzia Kayanza, ukapita Gitega na Karusi, ukaikata Muyinga na hifadhi inayobeba jina lake, ukavuka kwenda Tanzania na kukutana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo. Hapo Rusumo kuna kituo cha umeme cha megawati 80 ambacho Burundi, Rwanda na Tanzania zimekijenga kwa ubia. Kwa hiyo tope lisilozolewa Mutaho lina safari ndefu, na mwisho wa safari hiyo kuna mitambo ambayo Burundi yenyewe ni mbia wake.

Sheria ipo. Sheria ya maji ya 2012 iliweka ukanda wa ulinzi wa mita 150 kwa Ziwa Tanganyika, mita 25 kwa mito inayoingia ziwani humo, na mita 5 kwa mito mingine. Mito ya Gitega na Muyinga karibu yote hufuata njia ya Nile, hivyo imo katika hiyo “mingine”. Mita 5 ni hatua saba za mtu mzima. Ni matuta machache ya viazi vitamu. Na hata hayo machache ni nani anayeyapima, kwa kamba gani, siku gani?

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Barabara ya kitaifa na mitaro yake iko mikononi mwa ARB, iliyorithi kazi za Office des Routes. Ukingo wa mto ni wa OBPE. Ramani ya mji na kibali cha nyumba ni vya OBUHA. Njia ndogo za mtaani na za vijijini ni za komini. Mfereji wa bondeni unahusu watu wa kilimo. Mchanga na mawe yanayochimbwa mtoni yako chini ya sheria ya madini. Tone moja la mvua, kutoka kileleni mpaka Ruvubu, hupita mikononi mwa ofisi tano au sita, kila moja ikiwa na muhuri wake. Mwenye nyumba anayemwagiwa maji uani na mtaro wa juu huanza kwa nyumbakumi, akaenda kwa mkuu wa mtaa, akafika komini, akaambiwa barabara ile ni ya kitaifa. Akifika kwa wenye barabara ya kitaifa huambiwa maji yale yanatoka kwenye makazi. Kila jibu ni la kweli. Ndiyo maana linaudhi.

Mageuzi ya utawala ya 2025 yameongeza swali jingine. Mikoa 18 imekuwa 5, komini 119 zimekuwa 42, na Muyinga sasa imo Buhumuza, mkoa ambao makao yake yako Cankuzo. Komini kubwa inaweza kuwa na mapato makubwa zaidi na fundi aliyesomea kazi, na hilo ni jambo jema. Lakini magari yalihesabiwa, viti na makabati yakahesabiwa, na mitaro je? Komini iliyomezwa na jirani yake iliacha daftari linaloonyesha karavati lipi liko wapi, lina upana gani, na lilizibuliwa lini mara ya mwisho? Kama daftari hilo lipo, wananchi wanaomba kulisoma. Kama halipo, huo ndio mwanzo wa kazi.

Gharama ya kutojua haihitaji kubuniwa. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, maji ya milimani yalishukia kaskazini mwa Bujumbura, Kamenge, Kinama na Gatunguru, yakifuata korongo la Gasenyi na kuvunja nyumba za matofali mabichi. Zaidi ya watu 60 walikufa. Tangu Septemba 2023 hadi Aprili 2024, mvua na mafuriko viliwaathiri zaidi ya watu 200,000 nchini, na serikali pamoja na Umoja wa Mataifa wakalazimika kuomba msaada wa kimataifa. Ni kweli kwamba mvua za msimu ule zilikuwa za El Niño na kwamba Ziwa Tanganyika lilipanda kwa sababu zisizohusiana na koleo la mtu yeyote wa Mutaho. Hakuna anayewadai Waheshimiwa mvua.

Kisa kinachopaswa kuwakosesha usingizi kiko Kenya. Alfajiri ya 29 Aprili 2024, huko Kamuchiri karibu na Mai Mahiu, ukuta wa maji uliibomoa mitaa ya watu waliolala. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ya Kenya ikaeleza kuwa halikuwa bwawa. Ilikuwa njia ya maji chini ya tuta la reli, iliyozibwa na magogo, mawe na udongo. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta kama bwawa ambalo hakuna aliyelijenga wala kulilinda, mpaka tuta likaachia. Waliokufa walizidi 45. Tuta la barabara juu ya karavati lililoziba hufanya kazi ile ile, na Gitega na Muyinga hazina uhaba wa matuta wala wa mabonde.

Inajulikana kitakachojibiwa: mafuta hayapatikani. Ni jibu zito, na kila aliyepanga foleni kwenye pampu miaka hii analielewa. Lina hata ubaya wa ndani usiosemwa sana. Mfuko wa kitaifa wa barabara hupata sehemu ya fedha zake kutokana na tozo ya mafuta, kwa hiyo pampu zikikauka, fedha ya kutunza barabara hukauka nazo. Lakini karavati la mita 1 halisubiri katapila. Linataka jembe, sururu, koleo na watu wanne. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Tope huzoleka, na mshahara wa siku wa anayelizoa ni mdogo mno ukilinganishwa na bei ya kujenga daraja upya. Burundi inaujua utaratibu huu, maana vikundi vya wakazi wa kando ya barabara vimewahi kulipwa kufyeka majani na kuzibua mitaro. Vilifanya kazi kwa sababu mtu alijua kipande chake kinaanzia jiwe gani na kuishia jiwe gani.

Wengine watasema kuna ibikorwa rusangi, kazi za pamoja za wananchi. Kweli, Jumamosi asubuhi watu hutoka na majembe, na mitaro mingi ingekuwa imekufa zamani bila wao. Ila aliyewahi kushiriki anajua kinachotokea. Tope hutolewa mtaroni na kurundikwa ukingoni, pale pale, kwa sababu hakuna gari wala mkokoteni wa kulipeleka mbali. Picha hupigwa, watu hurudi nyumbani, na mvua ya kwanza hulirudisha tope lote mahali lilipotoka. Jumamosi inayofuata kazi inaanza upya. Nguvu za wananchi zimetolewa bure kabisa, tena kwa moyo, zikakosa toroli.

Miche ya Ewe Burundi Urambaye, mpango wa kitaifa wa kupanda miti, inayopandwa milimani inastahili sifa, maana dawa ya tope iko juu mlimani kuliko chini barabarani. Mti nao una mwendo wake. Mche uliopandwa mwaka huu hautaushika mlima kabla ya mvua ijayo.

Kalenda ndiyo rafiki pekee ambaye Waheshimiwa hawajamtumia. Ici, yaani kiangazi, huanza Juni na kumalizika Agosti, tope likiwa kavu, jepesi kubeba, na vijito vikiwa vyembamba. Agatasi, msimu wa mvua, huanza Septemba, na mkulima wa Mutaho huwa ameshatayarisha shamba kabla tone la kwanza halijaanguka. Ofisi zinaweza kufuata kalenda hiyo hiyo: Juni makaravati yahesabiwe kwa miguu, si kwa ramani, Julai na Agosti yazibuliwe na tope lipelekwe mahali ambapo halitarudi, kabla ya Septemba mhandisi apite ayaone akiwa ameinama. Na kila karavati liandikwe namba kwa rangi, pamoja na namba ya simu ya ofisi moja, moja tu, hata kama nyuma ya pazia ofisi tano zitaendelea kubishana.

Majibu ya Waheshimiwa yanaweza kubandikwa kwenye ubao wa ofisi za utawala, Mutaho na Muyinga, panapobandikwa matangazo mengine. Yaandikwe kwa Kirundi na Kiswahili pia, kwa sababu wengi wanaokaa chini ya mtaro hawasomi Kifaransa.