Nani kasema hali za maada ni tatu tu?

Haya wadau, leo mwenzenu nina hasira. Jana pale kwenye vimbweta jamaa mmoja wa darasa letu kafunga desa na kusema, "Hizi molekuli za pete za kazi gani? Sisi tunaenda kufundisha kidato cha pili bwana!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilikumbuka TP ya mwaka jana. Mtoto aliinua kikokotoo akauliza, "Mwalimu, ndani ya hiki kioo kuna yabisi au kimiminika?" Nikamjibu ni hali ya katikati, molekuli zinatiririka huku zimejipanga. Kipindi kilipoisha mwalimu mwenyeji akanivuta pembeni: usiwachanganye watoto, mtihani unataka tatu. Nikanywea. Kesho yake nikaandika ubaoni tatu. Mpaka leo naona aibu.

Maana wala si habari mpya! Mwaka 1888 Reinitzer, mtaalamu wa mimea huko Prague, alipasha moto kitu kitokanacho na kolesteroli. Kwenye nyuzi 145.5 kikawa kimiminika chenye ukungu, kwenye 178.5 ndipo kikawa angavu. Kuyeyuka mara mbili, jamani. Za kikokotoo zina umbo la vijiti, lakini mwaka 1977 Chandrasekhar na wenzake kule Bangalore, India, wakaonyesha kuwa hata zenye umbo la sahani zinaweza, zikipangana kama sahani kabatini. Mwaka 1994 Zhang na Moore, Marekani, wakafanya hivyo kwa pete kubwa: benzini sita zilizounganishwa kwa asetilini, katikati tundu. Pete yenyewe ngumu, haibonyei. Mikia ya pembeni ndiyo laini.

Sasa kuitengeneza ndiyo shughuli. Una mnyororo mfupi, unataka ncha zake mbili zishikane. Molekuli zikisongamana, ncha inamdaka jirani, unaishia na limnyororo lirefu badala ya pete. Kwa hiyo unazimua sana hiyo myeyusho, kila molekuli ikae mbali na mwenzake mpaka ijishike yenyewe. Hivi hapo kidato cha pili watashindwa wapi? Mtoto aliyewahi kucheza duara la kushikana mikono anakuelewa mara moja.

Kama hoja ni mtihani, semeni tu kwamba tunafundisha mtihani, msizisingizie pete. TP ijayo nikiulizwa tena nitajibu vilevile, na mwalimu mwenyeji akiniita pembeni, naenda na kikokotoo mkononi.