Mizani ya Shule na Nyundo za Mashine ya Kusaga

Katika vijiji vingi vya nchi yetu hakuna mtambo unaowagusa wananchi kila siku kama mashine ya kusaga nafaka. Katika kata ya Ziba, wilayani Igunga, mkoani Tabora, kama ilivyo katika sehemu nyingine za Unyamwezi, mahindi na mtama haviwi ugali kabla ya kupita katika chumba kidogo chenye vumbi jeupe na mngurumo mkubwa. Mashine hiyo ikisimama, mzigo wote huwarudia akina mama na mabinti: ama warudi kwenye kinu na mchi, ama wajitwike nafaka mpaka kijiji cha pili. Kwa hiyo ubovu wa mashine si hasara ya mwenye mashine peke yake. Ni hasara ya kijiji kizima, na mara nyingi humpotezea mwanafunzi wa kike saa zake za kusoma.

Mojawapo ya maradhi ya mashine hizi ni rota isiyosawazika. Dawa yake ya kwanza haimo katika duka la vipuri lililoko mjini, bali imo katika maabara ya shule ya sekondari, nayo ni mizani. Maoni yangu ni kwamba somo la fizikia linafundishwa pungufu ikiwa mwanafunzi anaweza kuandika kanuni ya mwendo wa duara ubaoni, lakini hawezi kueleza kwa nini mashine ya kijijini kwake inatetemeka baada ya kubadilishwa nyundo.

Rota na kazi yake

Rota ni moyo wa mashine ya kusaga. Ni mhimili wa chuma uliolazwa juu ya beringi mbili, wenye sahani za chuma zilizopigwa pini, mara nyingi pini nne. Katika kila pini huning'inia nyundo, yaani vipande bapa vya chuma vyenye tundu. Rota inapozunguka, nyundo hunyooka kuelekea nje na kuzipiga punje mpaka zivunjike na kupenya katika matundu ya chekeche. Zamani mashine nyingi za vijijini ziliendeshwa kwa injini za dizeli. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, umeme umefika katika vijiji vingi, na mota ya umeme imechukua nafasi ya injini hizo mahali pengi. Lakini rota yenyewe haikubadilika.

Inafaa mwanafunzi ajue pia kwamba rota hii ina ndugu zake katika kazi nyingine. Mashine za kusaga vichaka na visiki, zinazofungwa kwenye trekta kwa ajili ya kazi za misitu, zina rota yenye nyundo au meno mazito. Aliyeielewa rota ya mashine ya unga ameshapiga hatua kubwa katika kuielewa hiyo nyingine, kwa kuwa sheria inayozitawala ni moja.

Hesabu ya gramu hamsini

Tuchukue mashine inayozunguka mara 3000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde. Kasi hiyo ni sawa na radiani 314 hivi kwa sekunde. Tuseme upande mmoja wa rota umezidi upande wa pili kwa gramu 50 tu, na uzito huo uko sentimita 20 kutoka katikati ya mhimili. Kanuni inasema kwamba kani ni tungamo mara nusukipenyo mara mraba wa kasi ya mzunguko. Basi tunapata 0.05 mara 0.2 mara 98,600, nayo ni nyutoni 986. Hiyo ni sawa na uzito wa gunia la kilo 100. Nalo si gunia lililotulia sakafuni. Ni gunia linaloukokota mhimili juu, upande, chini na upande tena, mara 50 katika kila sekunde, kutwa nzima.

Mambo mawili yatokana na hesabu hii. La kwanza ni kwamba kasi imo katika mraba. Mwenye mashine akibadili puli ili rota izunguke mara 3600 badala ya 3000, akitumaini kusaga upesi zaidi, kasi imeongezeka kwa asilimia 20, lakini kani ya mtetemo imeongezeka kwa asilimia 44. La pili linahusu beringi. Wahandisi wanajua kwamba umri wa beringi ya gololi hupungua kwa kadiri ya mchemraba wa mzigo wake: mzigo ukiwa maradufu, umri wake hubaki sehemu moja tu ya nane. Ndiyo maana mwenye mashine anaweza kununua beringi mpya mara kwa mara, akalaumu ubora wake, kumbe beringi haina kosa.

Ipo pia hatari ya uhai. Nyundo yenye gramu 500 katika mashine hiyo huvuta pini yake kwa kani ya karibu nyutoni 10,000, yaani kama uzito wa tani moja. Pini iliyolika au tundu lililopasuka likishindwa kustahimili, nyundo huruka kama risasi. Mtetemo ni onyo, na onyo hilo halipasi kupuuzwa kwa kusema kwamba kelele ni desturi ya mashine.

Ukarabati unaozidisha ugonjwa

Mafundi wetu wa vijijini wanastahili sifa. Kwa kutumia springi za magari makuukuu wamekata nyundo ambazo zimewalisha watu kwa miaka mingi. Hata hivyo zipo desturi nne ambazo sayansi inatutaka tuziache.

Desturi ya kwanza ni kubadili nyundo moja iliyovunjika na kuziacha nyingine zilizokwisha kulika. Nyundo mpya ni nzito kuliko wenzake, na hapo msawazo umevunjika siku ileile ya matengenezo. Nyundo hubadilishwa zote pamoja. Au, ikiwa ni za kugeuzwa, hugeuzwa zote pamoja.

Ya pili ni kuongeza chuma kwa kuchomelea kwenye ncha zilizolika, pasipo kupima. Jicho haliwezi kutambua tofauti ya gramu 20, na ncha ndiyo mahali pabaya zaidi pa kukosea, kwa sababu iko mbali na katikati. Tena chuma cha springi kina kaboni nyingi. Kikichomelewa kikiwa baridi na kupoa upesi, huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, na ufa huanza kimyakimya kando ya mahali palipochomelewa. Chuma hicho hupashwa moto kwanza na kuachwa kipoe polepole, kwa mfano ndani ya majivu makavu.

Ya tatu ni kuchomelea rota ikiwa ndani ya mashine, huku waya wa kurudisha umeme umebanwa kwenye fremu. Umeme hutafuta njia ya kurudi kwa kupitia kwenye beringi, ukaacha vishimo vidogo juu ya gololi. Waya huo hubanwa kwenye kipande chenyewe kinachochomelewa.

Ya nne ni kupanga nyundo pasipo mizani. Juu ya hili nitatoa mfano, ambao mwalimu anaweza kuupeleka darasani kama ulivyo.

Zoezi la nyundo nane

Tuseme fundi amekata nyundo nane, nazo zimepimwa zikawa na gramu 512, 508, 505, 503, 498, 495, 491 na 488. Rota ina pini nne, na kila pini hubeba nyundo mbili, moja kushoto na moja kulia. Pini ya kwanza inaelekeana na ya tatu. Ya pili inaelekeana na ya nne. Fundi akiziokota tu, yawezekana aweke 512 na 508 katika pini ya kwanza, na 491 na 488 katika pini ya tatu. Upande mmoja una gramu 1020 na wa pili una 979. Tofauti ni gramu 41, nayo katika mfano wetu wa kwanza huzaa kani ya zaidi ya nyutoni 800.

Sasa tuzipange kwa akili. Pini ya kwanza ipewe 512 kushoto na 488 kulia, jumla 1000. Pini ya tatu ipewe 508 kushoto na 491 kulia, jumla 999. Pini ya pili ipewe 505 kushoto na 495 kulia, jumla 1000. Na pini ya nne ipewe 503 kushoto na 498 kulia, jumla 1001. Tofauti kati ya pini zinazoelekeana imekuwa gramu moja tu. Hakuna chuma kilichoongezwa wala kupunguzwa, na hakuna senti iliyotumika. Kilichofanyika ni kupima na kupanga.

Mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini kushoto kulinganishwe na kushoto, maadamu jumla zimelingana. Swali hilo ndilo mlango wa somo la msawazo. Mtu anayebeba ndoo mbili kwa mzega hutembea vizuri ndoo zikilingana, kwa kuwa kitovu cha uzito kiko begani pake. Huo ni msawazo wa kitu kilichotulia. Lakini rota inaweza kutulia vizuri sana, na bado ikatetemeka inapozunguka, ikiwa uzito umezidi juu katika mwisho wake wa kushoto, na umezidi chini vilevile katika mwisho wake wa kulia. Ikisimama, mizigo hiyo miwili hufutana. Ikizunguka, kila mmoja huvuta mwisho wake, na mhimili huyumba kama mwiko katika sufuria.

Rota yenyewe, ikiisha kuvuliwa nyundo, hupimwa kwa njia nyepesi. Hulazwa pamoja na mhimili wake juu ya kingo mbili za chuma zilizonyooka, zilizowekwa sawa kwa pima maji. Upande mzito utajivingirisha wenyewe mpaka chini. Hutiwa alama ya chaki, kisha upande huo hupunguzwa kwa kusagwa, au upande unaoelekeana nao huongezwa kipande kidogo cha chuma. Kazi hurudiwa mpaka rota ikubali kusimama mahali popote inapoachwa.

Hoja za upinzani

Wako watakaosema kwamba shule si karakana, na kwamba kumpeleka mwanafunzi kwenye mashine ni kumtia hatarini. Hoja hii ni ya haki, na jibu lake ni kwamba mwanafunzi haendi kwenye mashine. Nyundo ndizo zinazokuja shuleni. Nyundo iliyovuliwa ni kipande cha chuma kama kipande kingine chochote, na mizani haimdhuru mtu.

Wengine watasema kwamba njia hizi ni za kijijini mno, na kwamba afadhali kununua rota mpya. Mimi nakiri mipaka yake. Mhimili uliopinda huhitaji mashine ya kukereza. Rota ndefu, kama ile ya kusaga vichaka, huhitaji kusawazishwa juu ya mtambo maalumu unaoizungusha na kupima mtetemo wa kila mwisho. Kazi hizo ni za karakana kubwa, na kwa ushauri lipo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973. Lakini kujua mpaka wa uwezo wako ni sehemu ya ufundi, na anayepima ndiye anayeujua mpaka huo.

Juu ya kutegemea mashine mpya, mkoa wa Tabora una fundisho lake. Urambo ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za Tanganyika, pamoja na Kongwa na Nachingwea, zilizochaguliwa na serikali ya Uingereza kwa mpango mkubwa wa karanga. Kazi ya kufyeka ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yaliletwa kwa wingi, mengi yao yakiwa mabaki ya vita, na madereva walifunzwa kwa haraka. Kabla mwaka huo haujakwisha, sehemu kubwa ya matrekta hayo ilikuwa imelala kwa ubovu, na mwaka 1951 mpango wenyewe ulifutwa. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, mvua na udongo zikiwamo. Lakini mojawapo ilikuwa kwamba mashine zilitangulia, na elimu ya kuzitunza ikafuata nyuma ikichechemea.

Pendekezo

Napendekeza basi jambo dogo linalowezekana. Kila shule ya sekondari yenye mizani katika maabara yake itenge alasiri moja katika kila muhula, iwaalike wenye mashine za kusaga wa jirani walete nyundo zao zilizovuliwa. Wanafunzi wazipime, waziandike gramu zake kwa rangi, wazipange katika jozi, na wampe mwenye mashine karatasi inayoonyesha kila nyundo na pini yake. Muhula unaofuata wazipime tena zilezile, ili waone zimelika kwa kiasi gani, na kama zimelika sawasawa. Wakifanya hivyo watakuwa wamefanya utafiti wa kweli, wenye takwimu zao wenyewe.

Faida ni ya pande mbili. Mwenye mashine atapata beringi zinazodumu na chumba kisicho na hatari. Mwanafunzi ataiona kanuni ya kitabu chake ikifanya kazi mahali anapopeleka mahindi ya mama yake. Na fundi, ambaye pengine hakupata bahati ya kukaa darasani, ataingia maabara kwa heshima kama mtu mwenye jambo la kufundisha, maana tabia za chuma cha springi anazijua kwa mikono yake kuliko wengi wetu tunavyozijua kwa vitabu. Walimu wa fizikia wa Ziba, wa Igunga na wa kila mahali, mizani mnazo. Zitoeni kabatini.